Usukani Uliofungwa, Uliokwama na Uliokatwa

Miaka michache iliyopita dawati letu lilifasiri mwongozo wa madereva kwa ajili ya idara moja ya serikali. Ndani yake tuliandika sentensi ifuatayo: "Usukani usiachwe umefungwa kwa zaidi ya sekunde 15." Tuliipitia mara tatu, tukaiona haina kasoro ya sarufi na ni nyepesi kwa msomaji, tukaipeleka kupigwa chapa. Haukupita muda mrefu tukaletewa habari kwamba magari ya idara hiyo yalikuwa yakikutwa asubuhi betri zimekufa. Madereva, ambao ni watu watiifu, walikuwa wameisoma sentensi yetu kama ilivyoandikwa. Walijua kwamba ufunguo ukichomolewa usukani hujifunga. Na kwa kuwa kitabu kilikataza usukani kukaa umefungwa, walikuwa wakiyalaza magari na ufunguo ndani ya swichi, umezungushwa hatua moja ili usukani ubaki huru.

Mtungaji wa asili hakuwa akisema habari ya ufunguo hata kidogo. Alikuwa akionya kwamba usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta ukizungushwa mpaka mwisho, kulia au kushoto, kisha ukashikiliwa hapo, mafuta hupata joto kali na pampu huumia. Neno alilolitumia ni lile lile la Kiingereza lililotupa sisi loki. Kwa Waingereza neno hilo, likitajwa pamoja na usukani, lina maana mbili. Ya kwanza ni kile kitasa kinachozuia gari kuibiwa. Ya pili ni upeo wa kupindika kwa magurudumu ya mbele. Maana hii ya pili ni kongwe kuliko gari la injini, kwa kuwa ilitumiwa kwanza katika magari ya kukokotwa na farasi. Sisi tuliijua moja tu, tukaifasiri hiyo.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya kitasa cha usukani na ya majina yake, kwani tunaamini kwamba kosa letu halikutokana na uzembe tu. Lilitokana na kupokea neno bila kupokea habari za kitu. Wafasiri wenzetu, walimu wa vyuo vya ufundi, na watumishi wanaotunga maelekezo ya ofisini wataitambua hali hiyo katika kazi zao.

Yafaa tuanze na usukani wenyewe. Neno hili si la barabarani. Asili yake ni sukkan ya Kiarabu, yaani ule ubao wa nyuma ya chombo unaoelekeza mwendo wake majini, na limekaa vinywani mwa mabaharia wa mwambao tangu kale. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf ilitoka London mwaka 1882, baada ya mwenyewe kufariki mwaka 1881. Hati ya Karl Benz ya gari la injini iliandikishwa Januari 1886. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili wa siku za Krapf aliyetamka usukani hakuweza kukusudia kingine ila usukani wa chombo. Pamoja nao kulikuwa na kana, yaani mkono wa mti uliochomekwa katika usukani, ambao ndio hasa alioushika mwongoza chombo.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni kwamba magari ya kwanza nayo yaliongozwa kwa kana. Gari la Benz la mwaka 1886 lilikuwa na magurudumu matatu, na dereva alilipinda lile la mbele kwa mkono wa chuma uliosimama mbele ya kiti chake. Mwendo ulipokuwa wa polepole mkono huo ulitosha. Mwendo ulipozidi, kila jiwe lililogongwa na gurudumu lilimrudia dereva mkononi kwa nguvu, na kosa dogo la kiganja lilitosha kulitoa gari njiani. Mwezi Julai 1894, katika mashindano ya magari kutoka Paris hadi Rouen, Alfred Vacheron alishiriki kwa gari la Panhard lililotiwa gurudumu la kuongozea badala ya mkono, naye ndiye ahesabiwaye kwa kawaida kuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1898 Panhard et Levassor wakaanza kuyatia magurudumu hayo magari yao kama jambo la kawaida. Huko Marekani Packard wakafuata mwaka 1899. Hata hivyo kana haikufa mara moja. Lile gari dogo la Oldsmobile lililouzwa kwa wingi kuanzia mwaka 1901 liliendelea kuongozwa kwa mkono.

Basi yeyote aliyekuwa wa kwanza kulitazama gari na kutamka usukani hakufananisha kwa mbali. Alikipa kitu jina la ndugu yake wa damu. Tukitaka ukali wa maana, tungesema kwamba akishikacho dereva ni kana, na usukani halisi ni magurudumu ya mbele. Lakini lugha haikuutaka ukali huo, nasi hatuna sababu ya kuidai. Inafurahisha kuona kwamba Oman na nchi jirani za Ghuba zilipita njia hiyo hiyo. Huko gurudumu la gari huitwa sukkan katika usemi wa kila siku, ilhali Kiarabu cha vitabuni kina neno jingine. Watu waliokulia katika vyombo vya bahari walipopewa gari walilipa msamiati wa bahari.

Gereji zetu, kwa upande wao, zinasema stelingi. Hatuna ugomvi na neno hilo mahali pake, ingawa lina taabu moja: kwa wapenda sinema, stelingi ni yule shujaa wa filamu asiyekufa mpaka mwisho. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ufundi aliwahi kutuuliza kama majina hayo mawili yana asili moja. Hayana, ni maneno mawili tofauti ya Kiingereza yaliyokutana katika matamshi yetu. Usukani una faida ya kutochanganya mambo hayo, tena unaeleweka kutoka Lamu hadi Kigoma.

Sasa tuje kwenye kitasa. Katika miaka ya mwanzo mwizi wa gari alikuwa na kazi ngumu kuliko ya leo, kwa sababu injini iliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono wa chuma kutoka mbele. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalitoka na mota ya umeme ya kuwashia, iliyobuniwa na Charles F. Kettering. Mota hiyo iliwapunguzia watu mikono iliyovunjika, lakini pia ilimpunguzia mwizi jasho. Ufunguo wa siku hizo ulikuwa wa kufungua na kufunga njia ya umeme tu. Kuwasha kulikuwa kwa kitufe au kanyagio. Chrysler walipoyaunganisha mambo hayo mawili mwaka 1949, gari likawa linawashwa kwa kuzungusha ufunguo. Hata hapo, aliyejua kuunganisha nyaya mbili chini ya dashibodi hakuhitaji ufunguo wowote. Ndipo ilipopata nguvu ile fikra ya kuufunga usukani wenyewe: hata injini ikiwaka kwa hila, gari lisiloweza kupinda kona halifiki mbali.

Nchi hazikuipokea fikra hiyo kwa namna moja. Ujerumani Magharibi ililazimisha kitasa cha usukani kati ya mwaka 1961 na 1963, kwa magari yote, mapya na yaliyokwisha kuwa barabarani, na wizi wa magari ukapungua sana. Marekani ilitunga kanuni iliyoanza kutumika kwa magari madogo tarehe 1 Januari 1970, ikitaka ufunguo ukichomolewa gari lisiweze kuwashwa kwa kawaida, na pia lisiweze ama kuongozwa ama kwenda mbele kwa nguvu zake. General Motors walitangulia kwa magari yao ya mwaka 1969, wakaihamisha swichi kutoka dashibodi hadi kwenye nguzo ya usukani. Uingereza ilianza mwaka 1971, lakini kwa magari mapya tu. Uchunguzi uliochapishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo mwaka 1976 ulionyesha matokeo: magari mapya yaliibwa kidogo zaidi, na wezi wakayageukia yale ya zamani yasiyo na kitasa.

Majina nayo yalitofautiana. Wafaransa walichukua jina la mtengenezaji, Neiman, wakalifanya nomino ya kawaida, kama sisi tulivyofanya kolgeti na biki. Wajerumani waliunda neno kwa mali yao wenyewe, Lenkradschloss, ambalo sehemu yake ya kwanza ni gurudumu la kuongozea na ya pili ni kitasa. (Sehemu hiyo ya pili kwa Kijerumani ni ngome ya mfalme pia, lakini hatujasikia Mjerumani aliyedhani ana ngome ndani ya gari.) Wajapani, ambao magari yao yaliyotumika ndiyo yamejaa katika barabara zetu, walikopa kutoka Kiingereza yote mawili: usukani kwao ni handoru, na kitasa chake ni handoru rokku. Anayefasiri vitabu vya magari hayo kwa kupitia Kiingereza akumbuke kwamba anapokea mkopo juu ya mkopo.

Ili tuchague jina letu kwa haki, ni lazima tukione kitu kinavyofanya kazi. Ndani ya nguzo ya usukani hupita shafti inayozungushwa na dereva. Kwenye shafti hiyo kuna pengo au mapengo yaliyochongwa. Kando yake, ndani ya kasha la swichi, kuna kipande cha chuma kinachosukumwa na springi. Ufunguo ukiwa ndani na umezungushwa, kipande hicho huvutwa nyuma. Ufunguo ukichomolewa, springi hukisukuma mbele, nacho hungoja. Dereva akiugeuza usukani kidogo, pengo huja mbele yake, kipande huingia kwa mlio, na shafti haizunguki tena. Maseremala wetu huita ulimi kile kichwa cha ubao kiingiacho katika tundu la ubao mwingine. Tunaona hakuna jina zuri kuliko hilo kwa kipande hiki: ulimi wa kitasa.

Hapa ndipo linapotokea lile tatizo wanalolijua madereva wote. Gari limeegeshwa magurudumu yamepindwa na kuegemea ukingo wa barabara, au liko mlimani. Tairi, kwa mpira wake, zinavuta zirudi zilikotoka. Mvuto huo hupanda hadi kwenye shafti, na ukingo wa pengo huubana ulimi kwa ubavu. Asubuhi dereva anatia ufunguo, nao haugeuki. Kitasa ni kizima, ufunguo ni mzima, ila ulimi hauwezi kurudi nyuma kwa sababu umebanwa. Dawa ni kuugeuza usukani kidogo upande ule unaokubali, kuushikilia hapo ili ulimi upumue, na papo hapo kuuzungusha ufunguo bila nguvu. Atakayeutumia ufunguo kama spana atauvunja ndani ya swichi, na hapo tatizo la dakika moja litakuwa la siku nzima. Ikiwa usukani umelegezwa na ufunguo bado haugeuki, ndipo ishukiwe swichi: vumbi ndani yake, au ufunguo uliolika meno kwa miaka mingi, jambo ambalo hujulikana kwa kujaribu ufunguo wa akiba. Katika gari la gia za kujiendesha, itazamwe pia kama wenzo wa gia uko mahali pa kuegesha.

Hayo ni ya usukani uliofungwa. Lakini fundi wa gereji akiambiwa kwamba stelingi imeloki, huenda mambo yakawa mengine kabisa. Huenda kiungo cha shafti kimeshika kutu, au chuma kilichopindika kinagusana na kingine. Huo usukani haukufungwa na kitu kilichokusudiwa kuufunga, umekwama, na gari lisiendeshwe hata hatua moja. Huenda dereva amefika mwisho wa mzunguko. Huo umekatwa wote, kama wasemavyo makondakta wanapomwelekeza dereva anayerudi nyuma. Au huenda injini imezimika na pampu imeacha kusaidia. Huo ni mzito tu.

Hili la mwisho ndilo linalotufanya tuandike kwa urefu kiasi hiki. Tumesoma maelekezo ya usalama barabarani yasemayo kwamba injini ikizimika usukani hujifunga. Si kweli. Injini ikizimika ufunguo ungali ndani, usukani huwa mzito, mzito sana katika gari kubwa, lakini hugeuka kwa mtu anayetumia mikono miwili na nguvu zake zote. Kinachofunga ni kuchomoa ufunguo. Mfikirie dereva anayeteremka Kitonga, injini ikamzimikia kabla ya kona, naye amefundishwa darasani kwamba usukani umekwisha kujifunga. Ataugusa, atahisi uzito, ataamini kile alichokisoma, na ataacha kupambana nao. Wa pili, mwenye tabia ya kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta, amefundishwa kwamba kuzima na kuchomoa ni mamoja. Akichomoa, kona ya kwanza itautia ulimi katika pengo, na hapo mikono miwili haitafaa kitu. Watu hao wawili wanahitaji maneno mawili tofauti, tena wanayahitaji kabla ya kufika mlimani.

Kwa hiyo tumependekeza katika orodha yetu yafuatayo. Kifaa kinachoshughulikia ulimi na pengo kiitwe kitasa cha usukani. Wenzetu wengine walitaka kufuli, kwa hoja kwamba linajulikana zaidi. Hatukukubali, kwa kuwa kufuli huning'inizwa nje na kuondolewa, ilhali kitasa hukaa ndani ya kitu chenyewe; aidha madukani kuna zile fimbo za chuma zinazopachikwa juu ya usukani na kufungwa kwa ufunguo wake wa pekee, nazo ndizo zinazostahili jina la kufuli la usukani. Komeo lilipendekezwa pia. Ni neno zuri, lakini komeo husukumwa kwa mkono wala halidai ufunguo. Kuhusu vitenzi, hatukubuni lolote. Usukani hufungwa na kitasa. Hukwama kwa hitilafu. Hukatwa na dereva, na ukifika ukingoni umekatwa mpaka mwisho. Huwa mzito pampu isipofanya kazi. Maneno yote manne yalikuwapo kabla ya sisi kuajiriwa. Loki tumeiacha kwa mafundi. Wao wana gari mbele yao na wanaweza kuliinamia watazame. Msomaji wa kitabu hana ila neno.

Limebaki jambo moja ambalo hatujaafikiana. Magari mengi ya siku hizi hayana tundu la ufunguo. Dereva hubonyeza kitufe. Katika baadhi yake ulimi huvutwa na mota ndogo ya umeme, na betri ikiwa dhaifu au mota ikiharibika, usukani hukaa umefungwa na injini haiwaki. Baadhi yetu wanasema hicho nacho ni kitasa, kwa kuwa ulimi na pengo vingalipo. Wengine wanasema kitasa bila ufunguo hakiitwi kitasa. Ama ile mitambo inayozuia injini isiwake isipotambua ufunguo wake, ambayo Ulaya ililazimishwa kwa magari mapya mwaka 1998, hiyo haigusi usukani kabisa, na wanaoiita loki ya stelingi wanaongeza maana ya tano juu ya nne tulizokwisha kuzihesabu.

Sentensi yetu tuliisahihisha kwa karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya ile ya zamani: "Usukani ukikatwa mpaka mwisho, usishikiliwe hapo kwa zaidi ya sekunde 15." Tulizipeleka karatasi hizo wenyewe, tukakutana na dereva mmoja mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Tulipomwamkia na kumweleza tulikotoka, aliipokea karatasi, akaisoma polepole, akatutazama.

"Kumbe ni kukata," akasema. "Sasa wanangu, mbona hamkutuuliza?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila rasimu ya istilahi za magari hupelekwa gereji na kwenye kibanda cha madereva kabla ya kufika mbele ya kamati.